Jiwe Nililoweka Juu ya Mvuke

Zaina mujukuu wangu,

Salamu toka Kasongo. Bibi yako amepona, mpunga tumevuna. Unauliza kama nami niliwahi kuvumbua kitu.

Ndiyo. Kwenye mashini ya mvuke ya kukoboa mpunga, mimi ndiye niliyelisha moto. Niliacha kuni nikachoma makapi, nguvu ikapanda. Lakini mvuke ulitoroka kwenye valvu ya juu, ile inayoutoa ukizidi, nikaona ni hasara. Nikaigandamiza kwa jiwe.

Chuma kikaanza kulia. Wote tukakimbia, isipokuwa fundi Amisi. Yeye aliifuata mashini, akaliangusha jiwe kwa mutwangio wa kinu. Habari ya mikono yake siiandiki. Aliniambia tu: "Uiache ipumue."

Mchoro ulionitumia, wa mashini yako ya umeme wa makapi, nimeutazama mara tatu. Kabla hujawasha, niandikie: mvuke utatokea wapi?

Babu yako