Mashine Zinazopumzika

Taichung, 9 Oktoba

Kwa kaka yangu mpendwa Ming-te,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Kaohsiung, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi tu wazima wa mwili. Wa akili sina hakika.

Kesi imenichosha, Kaka. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto wanadai tumeiba hataza yao, ule ubunifu wa kupoza mashine za kukereza chuma zisikwamekwame. Ushahidi wao ni takwimu tupu. Mtaalamu wao amechambua daftari zetu za miaka minne, akamwonyesha jaji kwamba hadi Februari ya mwaka juzi kila tengenezo lilituchukua dakika arobaini, na kuanzia Machi dakika kumi na mbili. Akasema muujiza huo haupatikani ila kwa wizi. Tukishindwa, mashine zote tisa zinazimwa na Baba anafunga karakana.

Nakuapia hatukuiba hata skrubu. Mashine ni zile zile na zinaharibika vile vile. Tatizo ni Fundi Lai. Unamjua: mashine ikigoma, haigusi kwanza. Huiwekea juu pakiti mpya ya kijani ya vitafunwa, ile ya kuibembeleza itulie na kutii, huipapasa, huiomba radhi, na ole wako utamke kwamba imeharibika, eti itasikia na kununa! Nusu saa nzima inakwenda hivyo. Kwenye daftari anaandika kwamba ilikuwa inapumzika, na matengenezo yanaanza kuhesabiwa spana inapogusa chuma.

Jumanne wakili wetu alimsimamisha kizimbani, akambembeleza alitamke lile neno mara moja tu. Fundi Lai akamwinamia jaji, akasema mheshimiwa, mimi nimeishi na mashine hizi miaka thelathini, haziharibiki, hupumzika. Wakili akamuuliza, je, zikipumzika zinafanya kazi? Akajibiwa kwa upole kwamba hata yeye wakili akisinzia bado ni wakili. Watu wote wakacheka, na yule mtaalamu wao pia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Safu ya mapumziko niliichora mimi. Zamani daftari lilikuwa na saa ya kusimama na saa ya kuwaka, basi. Machi ile nilikuwa nimetoka chuoni na shahada yangu ya takwimu, nimechoka kugombana na Fundi Lai, nikamtengenezea fomu yenye safu yake. Kisha, kwa akili zangu timamu, nikayahesabu mapumziko kuwa ni kazi. Baba alipoona mashine zake zinafanya kazi saa tisini na moja katika kila mia, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama. Nikashindwa kuifuta hesabu ile. Ile ngao ya heshima iliyoko ukutani, mteja alimpa kwa hesabu hiyo.

Ijumaa nitasimama mimi, niseme ukweli kwamba ni saa sabini na moja, na kwamba tengenezo bado ni dakika zile zile arobaini. Karakana itapona. Ngao haitapona, na Baba bado sijamwambia. Amepita hapa sasa hivi, ameipangusa kwa leso yake kama afanyavyo kila siku, akaniuliza nakuandikia nini. Nimemwambia ni salamu tu.

Basi amesema nikuongezee na zake. Zipokee, Kaka, na uwasalimie wote hapo nyumbani kwako.

Mdogo wako,
Yen-ju