Mpunga Usioachia

Mama Yulita wangu,

Nakuandikia kutoka Lipangalala, nimekalia kile kiti chako cha kamba. Uzee umenifika hadi vidoleni, univumilie mwandiko. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema mwandiko wangu mimi Mwalimu wako ndio uliokuponza ukaolewa.

Binti yetu Yulita ndiye anayelima jaruba letu la mpunga la Kivukoni sasa. Msimu uliopita mpunga pori ulilivamia. Alipoanza kuvuna, punje zilimwagika topeni kabla mundu haujafika. Alirudi na masuke matupu. "Baba, mbegu ya kuazima ilikuwa na mpunga pori ndani, imenitia aibu."

Nilikukumbuka ulivyokuwa ukitandaza khanga jarubani, ukilishika suke moja moja na kulitikisa. Lililomwaga punje hukulichukua kuwa mbegu. Siku moja nilikueleza kwa nini linamwaga. Kila punje, pale inaposhikana na kikonyo, ina tabaka jembamba la seli ambapo hukatikia. Katika mpunga pori kuna jeni inayowaka kama taa mahali hapo na kulijenga tabaka hilo. Mpunga wa nyumbani nao unayo jeni hiyohiyo, nzima kabisa, tena inawaka kwingine kwenye mmea. Kilichobadilika ni herufi moja tu, kwenye sehemu inayoamuru iwake wapi. Basi pale chini ya punje pakabaki giza. Wavunaji wa kale walibeba kilichobaki kwenye suke, wakakipanda, wakavuna tena, na ni mikono yao iliyolichagua giza hilo bila kujua.

Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza, "Mwalimu, na umeme wa hizo taa mnalipia wapi?" Ukacheka hadi ukakaa kwenye matope.

Sasa niungame, maana nguvu zinaniisha na sitaki kuja huko na hili moyoni. Kiroba cha mbegu ulizozitikisa mara ya mwisho nilikuwa nacho mimi, chini ya kitanda. Yulita aliponiomba, nilimwambia panya wamekula. Ndiyo maana aliazima. Nilitaka kibaki kitu kimoja ambacho vidole vyako vilikigusa na hakijapikwa. Na mimi ndiye niliyefundisha darasani miaka yote kwamba mbegu ni kiumbe hai, na kwamba kwa joto letu hili ikikaa sana inakufa. Nilijua, Mama Yulita. Nilijua, nikaificha.

Juzi nilimwita, nikakivuta kiroba mbele yake. Nilingoja anigombeze. Alikitazama, akanitazama mimi. "Kumbe panya mwenyewe anavaa miwani!" Tukacheka, halafu yeye akalia.

Tuliloweka konzi moja ya mbegu kwenye bakuli lako, tukaifunga kwa kitambaa kibichi kuzijaribu. Nyingi hazikuamka. Lakini zipo zilizotoa ncha nyeupe, na Yulita amekadiria kwamba zilizobaki kirobani zitatosha kona moja ya jaruba. Atazipanda mbali na ukingo wenye mpunga pori. Siku ya kuvuna atatandaza khanga yako na kutikisa kama ulivyomfundisha.

Sidhani nitauona ukikomaa. Tangu uondoke nimekuwa kama huo mpunga wako wa nyumbani, nimeng'ang'ania suke tu. Leo asubuhi kiroba kimekwenda Kivukoni, na chini ya kitanda hamna kitu.

Lala salama, mpenzi. Nakuahidi, nikitikiswa nitaachia.

Mwalimu wako