Shahidi wa Pili Kando ya Kitanda

Baba,

Barua hii naisoma kwa sauti, mbele ya jamaa na majirani waliokusanyika ukumbini hapa mtaani kwetu Vickery Meadow kumaliza matanga yako. Mwaka umetimia tangu uondoke. Treni bado inapita nyuma ya majengo yetu, na viatu vyako vya ghalani bado viko mlangoni, kwa sababu sijapata moyo wa kuvitoa.

Desturi yetu inataka leo, kabla ya vinywaji kugawiwa, itajwe nani anarithi nini. Shamba lilibaki Burundi. Hapa Dallas ulituachia darasa la Jumamosi: ubao, watoto wanaojibu kwa Kiingereza, na historia uliyoifundisha kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kuja kupanga maboksi ghalani. Darasa hilo ndilo nililoligombania na rafiki yako Salvatori mwaka mzima.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisimulia? Mfalme Edwadi wa Uingereza alikufa bila mtoto. Wiliamu, mtawala wa Normandi ng'ambo ya bahari, akasema: kiti niliahidiwa mimi, mfalme akiwa mzima. Haroldi, aliyekuwa kando ya kitanda, akasema: mimi nilikabidhiwa kwa neno lake la mwisho. Mfalme wa Norwei naye akaja na madai yake kutoka kaskazini. Haroldi akampiga huko, kisha akalirudisha jeshi lake kusini, limechoka, kupambana na Wiliamu. Hapo ulifunga kitabu na kuuliza, "Neno lipi lina nguvu, la mzima au la anayekufa?" Jibu hukutupa hata mara moja.

Baadaye tulishuka kwenye maegesho ya magari kupigana vita vyenyewe. Mimi nilikuwa Wiliamu. Haroldi alikuwa Salvatori, mwenzako wa ghalani, uliyemleta nyumbani kula maharage siku moja, naye hakuacha kuja. Wanafunzi wa upande wake walisimama juu pale kwenye mteremko wakishika vifuniko vya sufuria, bega kwa bega, ukuta mmoja. Wangu walijifanya kukimbia. Wake wakashuka kuwafukuza, ukuta ukavunjika, tukageuka tukawamaliza. Nilishinda kila mwaka, na kila mwaka ulimpigia makofi aliyeshindwa. "Amesimama vizuri huyu," ulisema, ukimpangusa vumbi begani. Mimi ulinipa vifuniko nikavioshe.

Nilimwonea wivu, Baba. Mlikuwa na vichekesho vya ghalani ambavyo sikuvielewa. Ulimwita Salva. Ukimsikia ngazini ulikaa wima kitini, hata miezi ile ya ugonjwa, na mimi niliyekuwa nimekaa nawe tangu asubuhi ulinituma chai.

Lakini uliniahidi. Tulikuwa garini tukitoka ubatizoni Fort Worth, ukasema, "Mama, darasa hili litakuwa lako." Baada ya mazishi nililirudia neno hilo kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Nikafungua darasa langu kwenye chumba cha kufulia, saa ileile, na watoto wa Wiliamu wakanifuata. Salvatori alibaki ukumbini na wake.

Siku ya vita ilipofika alikuja akasimama kati ya mashine za kufulia, kofia mkononi.

"Dada, samahani. Sina Wanormandi."

"Nami sina mlima," nikamjibu, na nikakasirika kwa kuwa nilikuwa nimecheka.

Tukapigana palepale kwenye maegesho. Nikashinda. Watoto waliposhangilia, niligeuka kuangalia ulipozoea kusimama. Salvatori alikuwa amelala chini na kifuniko kifuani, kama afanyavyo kila mwaka. Akasema taratibu, "Sasa hivi Mzee angepiga makofi." Kisha akanitazama, akangoja. Nilijua anangoja nini. Niliokota vifuniko nikaondoka.

Ndugu zangu, jambo lenyewe ni hili. Siku ya mwisho hospitalini, Baba, tulikuwa wawili kando ya kitanda chako. Salvatori alikushika mkono, mimi nilishika kikombe cha maji. Ulisema, "Salva, darasa nakuachia wewe." Kisha macho yako yakanitafuta mpaka yakanipata, Baba, uhakikishe nimesikia. Nilisikia. Nilitoka nikisema naenda kuongeza maji, na kikombe kilikuwa kimejaa.

Tangu siku hiyo Salvatori hajamwambia mtu. Angesema, nani angemwamini? Kuna wakati uliwaambia watoto kwamba waliosikia neno la mwisho la Edwadi walikuwa watu wa Haroldi, na kule Normandi ushahidi wao haukuwa na uzito. Wewe ulitaka shahidi wa upande wa pili. Ulinichagua mimi, na nimekunyima ushahidi huo mwaka mzima.

Basi nautoa leo. Wazee, nilikuwapo. Darasa ni la Salvatori. Watoto wangu watapanda ukumbini Jumamosi.

Wivu bado ninao. Sitaudanganya mkutano huu. Hata sasa ninaposoma, naona amekaa kwenye kiti chako, na ningependa asimame. Lakini nakuahidi: kila mwaka nitamletea Wanormandi wake, na Haroldi akianguka, makofi nitapiga mimi.

Pumzika, Baba. Usijali kuhusu vifuniko. Nitaviosha.

Binti yako