Chupa Juu ya Meza

Yaya Mwila, mukubwa wangu,

Salamu kwako na kwa batoto huko Kasomeno. Hapa Hewa Bora mvua imeanza. Mutoto wangu Mapalo ameota meno mbili.

Mama alifika muzuri siku ya samedi, pamoja na unga wenye ulimupatia. Miye nilikuwa natengeneza sabuni ya mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Robinet ya maji ilikuwa imekauka, na mugeni haachwi bila maji ya kunywa, basi nikaenda kuomba kwa jirani. Juu ya meza nilikuwa nimeacha chupa ya maji. Ndani mulikuwa soude ya sabuni, ile yenye kuunguza. Kiu ilimushinda Mama. Alikunywa mara moja tu.

Sasa Mama iko ku lopitali. Koo imeungua, hasemi tena, chakula wanamupitishia ku mupira. Sabuni zimekauka, sijazikata.

Ukikuja, muletee kitenge chake cha bulu.

Kila muntu ananiuliza kama niliandika juu ya chupa. Niliandika, Yaya. SOUDE, na bic nyekundu, herufi kubwa. Mama alilima ili siye wawili tusome. Yeye hakuingia masomo hata siku moja.

Mudogo wako,
Albertine