Samaki wa Tanga Ndani ya Karai

Baba Nduta,

Chai iko kwenye thamosi. Nimeenda sokoni. Jikoni ingia polepole, sakafu ina maji.

Mpaka wa Tanzania ulipofunguliwa mkapanga kwenda Tanga kuvua baharini kwa pikapu ya rafiki yako Omolo, niliapa samaki hatavuka mlango huu. Unajua kwetu Murang'a samaki ni ndugu wa nyoka. Asubuhi nimekuta gunia lako jikoni, wewe unakoroma. Nikalibeba nikalitupe. Likafunguka.

Baba Nduta! Ni mwekundu kuliko koti langu la kanisani. Nimemweka kwenye karai la kufulia pamoja na barafu iliyobaki, na bado mkia umetoka nje. Nimekaa chini nikamtazama mpaka basi likaniacha. Mungu aliumba kitu kama hiki, kisha akakificha chini ya maji?

~~Mrudishie Omolo samaki wake.~~ Hapana. Mwite mke wa Omolo aje amkate, wewe utamharibu. Lakini asiguswe kabla Nduta hajarudi kutoka shule amwone mzima.

Mimi simli. Ila mkienda tena, mwambie Omolo kiti cha mbele kina mwenyewe.

Mama Nduta