Aliyelia Ndani ya Nyambizi

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu. Njia ya kwenda barabara kuu ni tope tupu na hata malori ya Mikumi siyasikii. Nimekaa kitandani na mlango nimeuegesha.

Nianze na lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi. Babu yake Shabani alipokufa, mimi nilifurahi.

Sikumchukia mzee wa watu. Kila nilipompelekea uji aliniita mke wangu na kuniuliza mahari tutaipanga lini, nami nilicheka huku nikiutazama mkono wake kama umekonda kuliko juzi. Nikirudi nyumbani nilimweleza Bibi kwamba kikohozi kimezidi. Bibi aliwaambia majirani kuwa mjukuu wake ana huruma ya ajabu.

Sikuwa na huruma. Nilikuwa nasubiri matanga.

Shabani ni katibu wa vijana hapa kijijini. Anajua kusema. Akisimama kwenye mkutano hata mbuzi wanaacha kula. Mimi ni kinyume chake. Nikiulizwa jina langu mbele ya watu watatu, naangalia miguu yangu kwanza kana kwamba limeandikwa huko. Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne na mkoa ukataka vijana wa vijiji vya ujamaa waende Urusi kutembea na kujifunza, kijiji chetu kiliwatoa wawili: Shabani kwa ajili ya kusema, na mimi kwa sababu walitaka msichana aliyesoma.

Huko walituonyesha viwanda, mashamba na shule. Siku moja wakatupeleka kwenye mji wa bandari, kwenye makumbusho ya jeshi lao la majini. Nje ya jengo, juu ya nchi kavu, ilikuwepo nyambizi. Ni meli ya chuma inayopiga mbizi na kutembea chini ya bahari, watu wakiwa ndani. Hiyo ilikuwa imestaafu baada ya vita. Ilikuwa ndefu, nyeusi, imelala kama kambare aliyetolewa mtoni, na baridi ya siku ile iliufanya ubavu wake ung'ate mkono ukiugusa.

Aliyetutembeza alikuwa baharia mzee aliyewahi kufanya kazi ndani yake, pamoja na dada mkalimani. Mle ndani mna vyumba vilivyofuatana kama pingili za muwa, na kati ya chumba na chumba kuna mlango wa duara, mdogo. Unatanguliza mguu, halafu kichwa, halafu unavuta kilichobaki. Mnanuka mafuta ya zamani. Mabomba yamepita kila mahali, na vitanda vimening'inizwa juu ya mabomu yenyewe. Nilimhurumia aliyelala pale akiwa na miaka kama yangu.

Kwenye chumba cha mwisho tulikuwa mimi na Shabani tu pamoja na yule mzee. Wenzetu walikuwa wamebaki nyuma wakigombania darubini. Mzee akatuonyesha kwa ishara kwamba sasa atazima taa, tuone mabaharia walivyokaa adui anapopita juu yao, kimya, bila mwanga. Akazima.

Giza la mle si la usiku. Usiku una nyota na mbwa wa jirani.

Mara nikasikia kitu kimeshika sketi yangu. Alikuwa Shabani, amekaa chini. "Perisi, nishike. Usiniache. Nakufa, jamani, nakufa na sijaoa!" Analia kwa sauti nyembamba ambayo sikujua kama anayo. Mimi niliogopa pia, lakini yeye aliogopa zaidi, na sijui kwa nini hilo lilinipa nguvu. Nilimwambia avute pumzi pamoja nami. Nikampapasia ukuta, nikaupata ule mlango wa duara, nikaweka kiganja juu ya kichwa chake asijigonge kwenye chuma, nikamtoa. Mzee alipowasha taa sisi tulikuwa tumeshavuka chumba cha pili.

Tulipofika nje Shabani alijipangusa uso kwa kofia. "Dada Perisi, haya yasifike nyumbani. Niapie."

Nikaapa. Na nisingesema kamwe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tuliporudi, kijiji kilikusanyika kutupokea. Mimi nilikaa kwenye mkeka na kina mama. Shabani alisimama akaeleza Urusi yote, kisha akafika kwenye nyambizi. Akasema taa zilipozimwa mimi nilianguka, nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, nikamwomba asiniache, naye akanibeba mgongoni kunipitisha kwenye milango ya duara. Aliigiza hata sauti. Ilikuwa sauti yake mwenyewe! Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Alinitazama mara moja, akaona sitasimama, akaendelea.

Na sikusimama.

Tangu siku ile nikienda kisimani watoto wananifuata: "Nyambizi, zama! Nyambizi, zama!" Hayo ningeyavumilia. Lakini kijiji kilikuwa kinatafuta msichana wa kupeleka Kilosa kusomea uhudumu wa afya, arudi akae na zahanati yetu. Ninaitaka kazi hiyo tangu mama yangu alipofariki akijifungua, gari likiwa limekwama kwenye tope hili hili. Kamati ilipokaa, Mwenyekiti alisema, "Huyu mtoto wa watu ana akili, lakini kazimiwa taa tu kaanguka. Akiona damu je?" Bibi alikuwepo. Alirudi nyumbani akanieleza, na macho yake yalikuwa kwenye jiko, hayakunitazama.

Ndipo nikamwambia ukweli. Bibi hakushangaa. Aliuliza jambo moja, "Huyo Shabani ukoo wake si ndio watani zetu?"

Ndio. Ukoo wao na wetu ni watani tangu kabla ya kanisa letu na msikiti wao. Wakifiwa, sisi tunakwenda kuwachokoza mpaka wacheke na msiba upungue makali. Tukifiwa, wanakuja wao. "Mtani hana kosa," Bibi alisema. "Kwenye matanga yao utasema chochote, na hakuna wa kukukasirikia. Akikasirika, kosa ni lake, na atalilipa kwa kuku."

Kwa hiyo nikaanza kupeleka uji.

Mzee alizikwa Jumanne. Juzi ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Bibi alitangulia kuingia uani, amevaa koti la marehemu kinyumenyume, anachechemea kwa fimbo yake. "Mnalilia nini nyie? Huyu kafa makusudi! Kasikia kesho zamu yake kwenye shamba la kijiji, kajilaza!" Wajane wakaanza kucheka na machozi bado yakiwatoka. Mama mmoja akamjibu, "Na wewe utamfuata lini, bibi mchawi, maana wali wetu unaumaliza!"

Nilikuwa nyuma ya nyumba nimeshika tenga bovu lisilo na kitako. Nilijiambia nirudi nyumbani. Kisha nikamwona Shabani ameketi na wanakamati, amevaa kanzu safi, ameegemeza mkono kwenye kiti cha Mwenyekiti kana kwamba ni chake.

Nikaingia.

Nililisimamisha tenga katikati ya uwanja. Nikasema, na sauti ilitoka, "Mtani wenu amerudi kutoka Urusi. Hii ndiyo nyambizi." Nikaingiza mguu, halafu kichwa, nikakwama nusu, nikajitupa chini na kushika kanga ya mama aliyekuwa karibu. "Perisi, nishike! Usiniache! Nakufa, jamani, nakufa na sijaoa!"

Uwanja ulilipuka. Watu walidhani ni uchokozi wa kawaida, wa kumgeuzia mtu hadithi yake mwenyewe. Shabani naye alianza kucheka. Kama angeendelea kucheka, yangeishia hapo na mimi ningebaki Nyambizi mpaka nizeeke. Lakini nilijipangusa uso kwa kofia ya kufikirika, polepole, kama alivyofanya yeye siku ile, nikamtazama.

Akasimama. "Wewe! Si uliniapia hutasema?"

Mwenyekiti aligeuka kwenye kiti. "Hatasema nini, Katibu?"

Shabani, yeye mwenye maneno yote, aliangalia miguu yake. Bibi ndiye aliyejibu, bado na koti lake kinyumenyume. "Haya, jamani. Kumbe aliyebebwa ndiye anatuhadithia safari!"

Siwezi kueleza utamu wa kicheko kile. Nilikinywa kama maji. Walimcheka wajane, wakamcheka wavulana anaowapanga mistari kwenye gwaride, akacheka hata Mwenyekiti huku akijaribu kukohoa. Nilitaka kiendelee mpaka giza liingie. Nilimtazama Shabani akitoka uani na kanzu yake safi, sikuona haya, na miguu yangu sikuiangalia hata kidogo.

Jana Mwenyekiti alituma mtu. Jumatatu nitapanda lori la ushirika kwenda Kilosa, kamati imekubali. Bibi amenifulia gauni la shule na kunikazia vifungo.

Na leo, katikati ya mvua, Shabani amekuja na kuku wake. Tetea mwekundu, miguu imefungwa kwa ukili. Alivua viatu mlangoni. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mtani. Mbona umelowa, umetoka kuzama?" Hakucheka. Akanigeukia, macho yakiwa sakafuni. "Dada Perisi, nilikosea kukukasirikia mbele ya watu. Mtani hakasirikiwi. Yaishe."

Nilisubiri. Nilidhani kuna lingine litafuata.

Hakuna lililofuata. Aliomba radhi kwa hasira yake ya juzi. Kwa uongo wake hakuomba. Kwa "Nyambizi, zama", kwa kamati, kwa zahanati niliyoikosa, kwa usiku ule wa kamati niliokesha kwenye mkeka nikisikiliza Bibi akijigeuza, hakusema neno.

Nikasema, "Yameisha."

Shabani alimchinja kuku, Bibi akampika, tukala watatu katika sahani moja kama inavyotakiwa. Kwetu ukishakula kuku wa mtani umefunga jambo. Ukilifungua tena, laana ni yako. Shabani alinichagulia paja, akaniwekea mbele yangu kwa adabu kabisa. Nililitia mdomoni nikatafuna, wote wawili wakiniangalia. Kisha nikasema nakwenda kuleta maji.

Jikoni nilimtemea paka ile nyama.

Mate yangu yote nilitema, nikasukutua, nikarudi na kata ya maji nikiwa nimetabasamu. Shabani alikunywa, akashukuru, akaenda zake amechangamka. Siku moja nitarudi kutoka Kilosa nikiwa na sindano mkononi, naye atakuja na jipu lake apange foleni. Sijui nitamfanya nini. Labda sitamfanya chochote. Lakini nataka niwe huru kuchagua.

Bibi anaamini nilimeza, na amelala kwa amani. Anayejua ni paka, na sasa wewe. Paka hasemi. Nawe usiseme.