Nasubiri Uniite

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Viatu ulivyonitumia vimenikaa barabara, ila kimoja kinalia kama mtoto wa paka nikipita wodini, na wauguzi wananicheka.

Kazi ni ileile ya kuwatafsiria wakimbizi wenzangu kwa daktari. Lakini sasa wametuletea mashine ya namba. Zamani nilikuwa nikisimama mlangoni na kuita watu kwa majina. Siku hizi namba inawaka ukutani, mtu anainuka kimya kimya. Siipendi hata kidogo.

Jana bibi mmoja, yule mwenye maumivu ya kifua ambayo vipimo haviyaoni, alikaa tu mpaka namba yake ikapita. Nikadhani hakuiona.

"Bibi, zamu yako imepita."

"Nimeiona, mwanangu. Nasubiri uniite."

Wanawe walitawanyika vitani, hajui walipo. Katika jengo zima analokaa, hakuna anayejua jina lake. Kumbe kila wiki alikuwa anakuja kuitwa!

Nikarudi mlangoni, nikamwita kwa jina lake, kwa sauti ya kuvuka uwanja. Ukumbi mzima ukageuka. Bibi akaitika "Abee!" kama binti aliyeitwa na mama yake, akainuka bila kushika ukuta.

Mama, hapa mimi ni Mkalimani tu. Jumapili ukipiga simu, usianze kuuliza kama nimekula. Niite kwanza, kama ulivyokuwa ukiniita kutoka jikoni. Halafu nyamaza kidogo, uniache niitike.

Kitindamimba wako